Namna ya Kuandika Insha Kuhusu Sababu za Vita vya Kwanza vya Dunia na Athari Zake Nchini Uganda

Mwanafunzi wa sekondari nchini Uganda akiulizwa aeleze sababu za Vita vya Kwanza vya Dunia na athari zake nyumbani, mara nyingi huandika insha mbili ambazo hazijuani. Ya kwanza inahusu Ulaya, nayo imejaa majina ya wafalme na miaka ya mikataba. Ya pili inahusu Uganda, nayo imejaa maneno mepesi kama "watu walikufa" na "uchumi ulidorora". Msomaji akimaliza hajui ni kwa njia gani kijana aliyefyatua bastola mjini Sarajevo alimfanya mkulima wa Buddu aache shamba lake akabebe mzigo kusini mwa Mto Kagera. Mwongozo huu unamhusu mwanafunzi anayetaka kuandika insha moja tu, ambayo jambo lililoanzia Ulaya linafuatwa hatua kwa hatua mpaka linapobisha hodi nyumbani, na unamhusu pia mwalimu atakayeisahihisha.

Lipasue swali kabla ya kushika kalamu

Swali linaonekana kuwa na sehemu mbili, sababu na athari, lakini kwa kweli lina sehemu tatu. Kwanza, kwa nini mataifa ya Ulaya yaliingia vitani mwaka 1914? Pili, kwa nini vita hivyo vilifika Afrika Mashariki? Tatu, viliwafanya nini watu wa Uganda? Sehemu ya pili haitajwi katika swali, na kwa sababu haitajwi, wengi huiruka. Hiyo ndiyo sehemu inayobeba insha nzima, kwa kuwa asiyeijibu hana namna ya kuunganisha ya kwanza na ya tatu.

Napendekeza robo ya karatasi iwe ya Ulaya, robo iwe ya njia ya vita kutoka Ulaya hadi Ziwa Viktoria, na nusu iliyobaki iwe ya Uganda. Walimu wengine hawatakubaliana nami, hasa wale wanaopenda kuona miungano yote ya kijeshi ikipangwa kwa mwaka wake. Hata hivyo, swali limesema "nyumbani", na mtahini anayetafuta nyumbani hataridhika na Vienna.

Hakikisha pia kwamba unaandika juu ya vita unavyoulizwa. Askari wa Uganda waliopigana Burma walikuwa katika Vita vya Pili. Wakimbizi wa Kipolandi waliowekwa katika kambi za Nyabyeya karibu na Masindi na Koja upande wa Mukono walikuja wakati wa Vita vya Pili. Ghasia za 1945 na 1949 katika Buganda zinaelezwa pamoja na Vita vya Pili. Mtu akikuhadithia kwamba babu yake alirudi kutoka Burma, hadithi hiyo ni ya thamani, lakini si ya insha hii.

Sababu za Ulaya: zifuate kwa wakati

Kuna mtindo wa kukariri sababu nne au tano na kuzimwaga mfululizo: utaifa, ubeberu, miungano, mashindano ya silaha, mauaji ya Sarajevo. Hakuna ubaya kuzijua, lakini orodha haielezi kitu. Insha inayoeleza huonyesha jinsi jambo moja lilivyolifanya jingine liwezekane, na njia rahisi ya kufanya hivyo ni kuzipanga kwa wakati, kutoka mbali kuja karibu.

Anzia 1871, Ujerumani ilipoishinda Ufaransa na kuichukua Alsace pamoja na sehemu ya Lorraine. Kuanzia hapo Ujerumani iliogopa kisasi, ikatafuta marafiki: mwaka 1882 iliungana na Austria-Hungaria na Italia. Ufaransa nayo ilitafuta wake, ikapatana na Urusi mwaka 1894 na Uingereza mwaka 1904, na Uingereza ikapatana na Urusi mwaka 1907. Hapo andika sentensi moja ya kuonyesha matokeo: ugomvi wa nchi mbili ulikuwa sasa na uwezo wa kuzivuta nchi tano au sita. Kisha taja mashindano ya manowari kati ya Uingereza na Ujerumani, yaliyopamba moto baada ya Uingereza kuzindua meli ya Dreadnought mwaka 1906, na migogoro ya Moroko ya 1905 na 1911 iliyoongeza uhasama bila kuzusha vita.

Ukifika Balkani, punguza mwendo. Mwaka 1908 Austria-Hungaria iliinyakua rasmi Bosnia, ambayo Waserbia wengi waliiona kuwa yao, na mwaka 1912 na 1913 nchi za Balkani zilipigana vita viwili. Jambo la kumwonyesha msomaji ni kwamba migogoro hiyo yote ilipita bila Ulaya nzima kuwaka. Hii ina maana kwamba mauaji ya Mwanamfalme Franz Ferdinand na mkewe Sophie, yaliyofanywa na Gavrilo Princip tarehe 28 Juni 1914, hayawezi peke yake kueleza vita. Yanaeleza mwanzo wake, lakini maamuzi yaliyofuata katika wiki tano ndiyo yanayoeleza ukubwa wake.

Maamuzi hayo yaandike kwa tarehe, kwa sababu hapa tarehe ndizo hoja. Tarehe 5 na 6 Julai Ujerumani iliiahidi Austria-Hungaria kwamba ingeiunga mkono kwa lolote. Tarehe 23 Julai Austria-Hungaria iliipa Serbia masharti magumu na muda wa saa 48, na tarehe 28 ikaitangazia vita. Urusi, iliyojiona mlezi wa Waserbia, ikaamuru jeshi lake lote lijiandae. Ujerumani ikaitangazia Urusi vita tarehe 1 Agosti na Ufaransa tarehe 3, na kwa kuwa mpango wake wa vita ulitaka Ufaransa ishambuliwe haraka kupitia Ubelgiji, majeshi yake yaliingia Ubelgiji tarehe 4. Uingereza ilikuwa imeahidi tangu 1839 kuilinda Ubelgiji isiyofungamana na upande wowote. Siku hiyohiyo ikaingia vitani.

Vipi kuhusu ubeberu? Wanafunzi wengi wa Kiafrika, kwa sababu zinazoeleweka, hupenda kuandika kwamba mataifa ya Ulaya yalipigana kwa ajili ya makoloni ya Afrika. Nashauri tahadhari. Kugombea makoloni kuliongeza wivu na kutoaminiana, hasa kule Moroko, lakini ugomvi wa Uingereza na Ujerumani juu ya Uganda ulikuwa umekwisha kumalizwa mezani miaka 24 kabla ya vita. Insha nzuri husema yote mawili: ubeberu ulisaidia kuleta vita, na ubeberu huohuo ndio uliohakikisha kwamba vita vikianza Ulaya, Mwafrika ataitwa.

Njia ya vita kutoka Ulaya hadi Kagera

Sehemu hii ianze na mkataba wa tarehe 1 Julai 1890. Katika mkataba huo Ujerumani iliacha madai yake juu ya Uganda na Zanzibar, ikapewa kisiwa cha Heligoland kilichoko Bahari ya Kaskazini, na mpaka kati ya maeneo ya mataifa hayo mawili magharibi mwa ziwa ukafuata mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Mwaka 1894 Uingereza ikaitangaza Buganda kuwa chini ya himaya yake, na maeneo mengine yakaongezwa baadaye. Kwa hiyo Mfalme wa Uingereza alipoingia vitani, Uganda iliingia pamoja naye. Hakuna Kabaka, Omukama wala Omugabe, kama walivyoitwa wafalme wa nchi za Uganda, aliyeulizwa.

Kabla ya kuendelea, fanya zoezi dogo la ramani. Chukua ramani ya kusini mwa Uganda, weka rula juu ya nyuzi 1 kusini, kisha ufuate Mto Kagera kwa kidole. Utaona kwamba mto unaingia kusini mwa mstari, unapita katika nchi ambayo leo ni Tanzania, unapinda, kisha unarudi juu na kumwaga maji yake ziwani ukiwa upande wa Uganda. Kati ya rula na mto kuna kipande cha ardhi kilichokuwa cha Wajerumani, ingawa kiko kaskazini mwa mto na hakina mlima wala maji ya kukitenga na Uganda. Waliochora mpaka huo walitazama namba, hawakutazama nchi. Vita vilipoanza, askari wa upande wa Uganda walisogea katika kipande hicho mpaka ukingo wa mto, na Kagera ukawa mstari wa mapambano wa upande huu mpaka 1916. Kipande hichohicho ndicho Idi Amin alichotangaza kukitwaa mwaka 1978, akaanzisha vita vilivyomwondoa madarakani mwaka uliofuata. Kwa insha inayohusu 1914 jambo hilo litajwe kwa sentensi moja tu, lakini mwanafunzi aliyelitaja ameonyesha kwamba ameielewa ramani.

Eleza pia kwamba vita havikuwa lazima vifike huku. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliruhusu maeneo ya bonde la Kongo kama lilivyoainishwa na mkataba huo, yakiwemo ya Afrika Mashariki, yasihusishwe na vita vya Ulaya, na Gavana wa Kijerumani Heinrich Schnee alitamani iwe hivyo. Wenye silaha walitaka vingine. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea iliipiga mizinga Dar es Salaam kwa sababu ya mtambo wake wa mawasiliano. Tarehe 15 Wajerumani wakaikamata Taveta, mji ulioko leo nchini Kenya. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alikusudia kuwashughulisha Waingereza wengi iwezekanavyo ili wasipelekwe Ulaya. Siku ileile ya 8 Agosti, Kabaka Daudi Chwa alitimiza umri wa miaka 18, umri wa kuanza kutawala mwenyewe bila walezi. Sidhani kama kuna mfano mzuri zaidi wa kuanzia aya ya Uganda.

Usisahau reli. Uganda haina bahari. Pamba yake ilitoka na bidhaa zake ziliingia kwa meli za ziwani hadi Kisumu na kwa reli hadi Mombasa. Wajerumani waliokuwa upande wa Kilimanjaro walituma vikosi vidogo kuilipua reli hiyo. Kwa namna hii hata eneo la Uganda ambalo halikusikia mlio wa bunduki liliguswa na vita, kwa sababu mlango wake pekee ulikuwa hatarini.

Matukio ya ziwani yanatosha kwa mistari michache: shambulio la Waingereza juu ya Bukoba mnamo Juni 1915, walipovuka kwa meli kutoka Kisumu, wakauharibu mtambo wa mawasiliano na kuondoka, kisha mwaka 1916 kutekwa kwa Bukoba na Mwanza na Waingereza, na kutekwa kwa Tabora na jeshi la Wabelgiji mwezi Septemba.

Athari: chagua chache, uzifuate mpaka mwisho

Mtahini anaweza kukutajia athari kumi. Wewe chagua tatu au nne, na kila moja uifuate mpaka umwone mtu. Ninayoipa uzito kuliko zote ni habari ya wapagazi, na ndiyo nitakayoieleza kwa urefu.

Jiulize swali la kawaida kabisa: jeshi lilikula nini, na chakula kilifikaje? Vita vilipoingia ndani ya koloni la Wajerumani kuanzia 1916, hapakuwa na barabara za kutosha, na farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa wingi kwa sababu ya mbung'o. Mzigo ulibaki kichwani mwa mtu. Mpagazi alibeba kilo 25 hivi, na kwa kuwa naye alihitaji kula, safari ikiwa ndefu sehemu kubwa ya alichobeba ililiwa njiani na wapagazi wenyewe. Ndiyo maana kila askari alihitaji wapagazi kadhaa nyuma yake, na nyuma ya hao wapagazi wengine. Mwanafunzi akiielewa hesabu hiyo, hatashangaa tena kwa nini idadi ya wapagazi ilizidi idadi ya askari kwa mbali.

Uganda ilitoa askari wa batalioni ya nne ya jeshi la King's African Rifles, ikatoa kikosi cha wauguzi kilichowachukua vijana waliosoma katika shule za misheni, na ikatoa maelfu ya wapagazi, wakiwemo waliopewa jeshi la Wabelgiji lililokwenda Tabora. Waliwapataje? Hapa ndipo insha nyingi huandika "walilazimishwa" na kuishia hapo. Endelea. Kwa Mapatano ya Buganda ya 1900 wakuu wa saza (jimbo) na gombolola (sehemu ya saza) walikuwa wameingizwa katika utawala wa Kiingereza. Walikusanya kodi, na tangu kabla ya vita walikuwa wakitoa watu kwa ajili ya kazi ya lazima ya serikali iliyoitwa kasanvu. Serikali ilipotaka wapagazi, haikuhitaji kuunda chombo kipya. Ilimwandikia mkuu wa saza, naye akamwita mkuu wa gombolola, na jina likaishia kwa mwanamume ambaye hakuwa na jamaa wa kumtetea barazani. Sehemu nyingi za Uganda hazikuwa na Mapatano kama hayo, lakini utaratibu wa kupitisha amri kwa wakuu wa mahali ulikuwa umekwisha kuenezwa, mara nyingine kwa kutumia mawakala wa Kiganda, na chuki waliyoiamsha mawakala hao ilionekana wazi Nyakishenyi, Kigezi, wananchi walipowashambulia mwaka 1917.

Wapagazi wengi waliokufa hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia, kwa sababu watu wa nyanda za matoke walipewa unga wa mahindi usioiva vizuri, wakalala mvuani bila blanketi ya kutosha, wakanywa maji waliyoyakuta. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika Afrika Mashariki nzima walikaribia 100,000. Ukitumia tarakimu hiyo, andika wazi kwamba ni makadirio na kwamba si ya Uganda peke yake. Kosa la kuipachika Uganda tarakimu ya Afrika Mashariki nzima ni la kawaida mno, na mtahini makini huliona mara moja.

Athari ya pili ni njaa na magonjwa ya 1918 na 1919. Busoga na Teso zilipata njaa kali, na mafua yaliyozunguka dunia nzima yalifika Uganda mwishoni mwa 1918 kwa njia zilezile za meli, reli na askari waliorudi. Hapa mwanafunzi apime maneno yake. Ukame haukuletwa na vita. Vita vilichokifanya ni kuondoa mikono ya kulima na kununua au kuchukua chakula kilichokuwa akiba, hivyo ukame ulipokuja uliwakuta watu bila kinga. Wanawake ndio waliobaki na shamba, watoto na wagonjwa, na insha isiyowataja ina pengo kubwa.

Athari ya tatu ni ya fedha, na inatosha kwa aya moja. Pamba, iliyoanza kuenezwa mwaka 1903 na 1904, ilikuwa imekwisha kuwa tegemeo la Uganda. Meli zilipopungua, usafirishaji ulizorota na bei ya nguo, chumvi na bidhaa nyingine za kutoka nje ikapanda. Baada ya vita bei ya pamba iliruka, kisha ikaanguka vibaya mwaka 1920 na 1921. Katika miaka hiyohiyo rupia ya Kihindi iliondolewa, ikaletwa florini mwaka 1920, nayo ikafuatwa muda si mrefu na shilingi. Fikiria mkulima aliyeuza pamba yake kwa sarafu moja, akalipa kodi kwa ya pili, na akaambiwa ajifunze ya tatu.

Ya nne ni mipaka na siasa. Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza na Rwanda na Burundi chini ya Ubelgiji, kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa. Kwa kuwa sasa Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya bendera moja, Waingereza walianza kuzungumzia kuziunganisha, na Buganda, pamoja na Daudi Chwa mwenyewe, wakapinga kwa kuhofia kumezwa na walowezi wa Kenya.

"Baada ya vita" si "kwa sababu ya vita"

Baraza la Kutunga Sheria la Uganda lilianza mwaka 1921. Makerere ilianza kama chuo cha ufundi mwaka 1922. Chama cha Vijana wa Buganda kiliundwa mwaka 1919. Je, hizo ni athari za vita? Inategemea unaweza kuonyesha nini. Kwa kila tukio la baada ya 1918, jaribu kuandika sentensi yenye neno "kwa kuwa" inayolirudisha vitani. Kwa mapendekezo ya kuziunganisha nchi tatu sentensi hiyo huja yenyewe, kwani bila vita Tanganyika isingekuwa ya Uingereza. Kwa Makerere sentensi huja kwa taabu, kwa sababu haja ya mafundi na makarani ilikuwapo hata kabla ya vita. Sentensi ikikataa kuja, andika tu kwamba jambo lilitokea baada ya vita, au liache kabisa.

Ushahidi wa nyumbani

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unamtaka mwanafunzi afanye kazi ya mradi, na mada hii inafaa sana. Lakini kumbuka hesabu ya umri: mzee aliyezaliwa 1940 hakuona Vita vya Kwanza, alichonacho ni alichosikia kwa jjajja wake, yaani babu au bibi yake. Msalimie kwa lugha ya nyumbani kwake, na usianze kwa kumuuliza "athari za vita zilikuwa zipi", kwani atakujibu kama kitabu. Uliza: ni nani katika ukoo alichukuliwa? Alichukuliwa na mkuu gani? Alirudi? Kama hakurudi, mjane wake na kibanja chake, yaani kipande chake cha ardhi, vilikwenda kwa nani? Swali la kibanja ndilo linalofungua vinywa, maana ugomvi wa ardhi hukumbukwa hata pale ambapo majina ya vita yamesahaulika.

Majibu uliyopata yapime. Njia nyepesi ni kuuliza vita vilikuwa kabla au baada ya tukio linalojulikana, kama njaa fulani au kutawazwa kwa mkuu fulani. Kisha linganisha na maandishi: daftari za ubatizo na mazishi za parokia za zamani, magazeti na ripoti za serikali zilizoko maktaba ya Makerere na hifadhi ya nyaraka ya taifa Kampala. Hata watu wakubwa hudai vita visivyo vyao. Idi Amin alidai kwamba alipigana Burma, lakini kumbukumbu za jeshi zinaonyesha aliandikishwa mwaka 1946, vita vya Burma vikiwa vimekwisha mwaka uliotangulia.

Aya moja, mara mbili

Aya kama hii ni ya kawaida katika madaftari: "Vita vilileta njaa na magonjwa nchini Uganda. Watu wengi walikufa na uchumi ulidorora. Pia wanaume walilazimishwa kuwa wapagazi." Hakuna uongo ndani yake, lakini hakuna nani, lini, wapi wala vipi. Sasa soma hii:

"Kwa kuwa wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o, jeshi la Uingereza lilitegemea wapagazi, nayo serikali ya Uganda iliwaagiza wakuu wa saza na gombolola wawatoe. Wanaume waliotolewa ndio waliozoea kufyeka na kuchimba mashamba mapya, hivyo wake zao walibaki wakilima vipande vidogo vilivyokwisha kuchoka, na akiba ya chakula ikapungua. Ukame ulipofika mwaka 1918, nyumba zilizokuwa na akiba kidogo ndizo zilizoanguka kwanza, na mafua ya mwisho wa mwaka huo yaliwakuta watu wamedhoofika."

Angalia jinsi kila sentensi inavyoshika mkia wa iliyotangulia. Toa sentensi ya pili, na ya tatu haina pa kusimama. Ndicho kipimo ninachowashauri walimu watumie: funika sentensi moja kwa kidole, na kama aya haijapoteza kitu, sentensi hiyo haikuwa na kazi.

Kabla ya kukabidhi

Soma tena tarehe zako. Usichanganye 28 Juni, siku ya mauaji ya Sarajevo, na 28 Julai, siku Austria-Hungaria ilipoitangazia Serbia vita. Usiandike kwamba vita vilikwisha tarehe 11 Novemba 1918 bila kuongeza kwamba hiyo ni tarehe ya Ulaya: Lettow-Vorbeck, aliyekuwa amekwisha kuingia katika nchi ambayo leo ni Zambia, alizipata habari siku chache baadaye, na alisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, tarehe 25 Novemba. Usiandike "Tanzania" unapozungumzia 1914 kama nchi iliyokuwapo. Andika "Afrika Mashariki ya Wajerumani". Na muda ukikupungukia katika chumba cha mtihani, kata sehemu ya Ulaya: mikataba ya 1882, 1894, 1904 na 1907 inaweza kukaa katika sentensi moja, ilhali wapagazi wanahitaji ukurasa wao.